Ngao ya Kamanda

Kaka yangu mkubwa tunamwita Kamanda. Msije mkafikiri amewahi kuvaa gwanda. Kazi yake ni kukaa ofisi ya bima na kuwauliza watu waliopondeka magari walikuwa wanakimbilia wapi. Jina alilipata utotoni kwa kupenda kuamrisha, na ukubwani ugonjwa wenyewe haujamtoka. Ni mrefu hata lazima ainame akipita kwenye milango ya nyumba yetu, na urefu huo ameugeuza cheo.

Mama yetu ana duka la dawa na vyakula vya mifugo, na mimi, kitinda mimba wake, namsaidia. Lakini duka hasa ni pikapu. Wafugaji wako mbali, huko ambako barabara inakwisha yanabaki mawe na makorongo, na mama huwapelekea mzigo mwenyewe. Tangu baba afariki anaendesha yeye, amekalia mto wa kitandani alioukunja mara mbili, shingo kainyoosha, usukani kaukamata kwa mikono yote. Huko porini wanamjua kwa honi. Mkimnyang'anya ufunguo wa gari lile mmemnyang'anya wateja, na mmemnyang'anya sababu ya kuamka asubuhi.

Basi siku moja ndama akakatiza njia. Mama akakwepa, ndama akapona chupuchupu, gari likaenda kubusu kisiki. Taa moja ikavunjika na wavu wa mbele ukabonyea. Ndama mzima, mama mzima. Mtu mwenye akili zake angenunua taa. Kamanda akaitisha kikao.

Alikuja Jumamosi na kigari chake cheupe, kile kifupi cha chini chini anachokipangusa kuliko anavyowapangusa wanawe pua. Hakukaa. Alisimama katikati ya sebule, mikono kaiweka nyuma, akakohoa kama anayetaka kuhutubia uwanja mzima. Tulikuwa watu wawili.

"Mama, umri umekwenda," akasema. "Tuelewane leo. Ama gari lifungwe ngao ya maana, ama ufunguo nikae nao mimi, nikutafutie dereva."

Ngao, kwa msiojua, ni yale mabomba ya chuma yanayofungwa mbele ya gari ili likigonga kitu, kiumie kitu na siyo gari. Mama aliutazama ufunguo pale unaponing'inia, kwenye msumari kando ya kalenda.

"Lifungwe, baba," akasema. "Lakini ufunguo unabaki kwangu."

"Na ngao nitachagua mimi."

"Chagua."

Mwanamke aliyetusomesha kwa gari lile lile, leo anaomba ruhusa ya kuliendesha kwa mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kubadili gia! Nilifungua mdomo. Mama akanikanyaga mguu chini ya meza, nikaufunga.

Tukaenda na pikapu kwenye duka la vifaa vya magari. Ngao zilikuwa zimeegemezwa ukutani, nyingine nyeusi, nyingine zinang'aa utadhani masufuria ya bibi harusi. Muuzaji alikuwa bwana mmoja mwenye miwani ya jua, kaivaa ndani ya nyumba. Akatuonyesha kwanza ngao ya bomba moja tu, imepinda vizuri, inakaa chini usawa wa bampa, ina kulabu mbili za kuvutia gari likizama kwenye tope. Mama akazishika zile kulabu, akazivuta kidogo.

"Hii nzuri," akasema. "Hizi kulabu ndizo nilizokuwa nazitaka."

"Hiyo ya wapeleka mikate," akasema Kamanda, hata hakugeuka.

Yeye alikuwa ameshaona yake. Ilikuwa na mabomba manne, kila moja nene kama mkono wa mcheza mieleka, yanapanda hadi kuipita boneti, na juu kabisa mna nafasi ya kufunga taa sita. Taa sita, na mama hajawahi kukutwa na giza barabarani! Muuzaji alisema ngao hiyo wanaiita Kifaru. Kamanda akasimama kando yake, akatoa kifua, akakunja mikono, akaniagiza nimpige picha. Mtu mzima, ana mke, ana mvi, anapiga picha na mabomba.

"Nzito hii," nikasema. "Springi za mbele zitalala. Mama anabeba mzigo."

"Wewe uza dawa za kupe."

"Haya. Gari si liko hapo nje? Waishikize mbele, mama akae kwenye usukani, tuone."

"Nitakaa mimi," akasema. "Mimi ndiye ninayejua cha kuangalia."

Mafundi wawili wakainyanyua wakihema, wakaishikiza mahali pake. Kamanda akautupa mto wa mama kiti cha pili, akasukuma kiti cha dereva nyuma hadi kikagota, akajipenyeza ndani. Kichwa kilikuwa kinakaribia kutoboa paa. Akatazama mbele kwa utulivu wa mtu anayekagua gwaride.

"Barabara yote naiona!" akapaza sauti. "Hadi kule kwenye nguzo!"

Muuzaji akapiga makofi. Huyo angepiga makofi hata kama Kamanda angesema anaona bahari kwenye sinki. Na mama? Mama alikuwa amesimama nje juani, kamshikia koti.

Waliifunga saa ile ile. Kamanda akaturudisha nyumbani akiendesha yeye, akipiga honi hata pasipo na mtu, na kila tukipita penye kioo cha duka anapunguza mwendo ajitazame. Tulipofika akaliegesha gari katikati ya ua, pua ikielekea geti. Halafu akatangaza kwamba mama atoke nalo nje, ili apige video awatumie wenzake wa ofisini.

Mama akaingia ndani kubadili viatu. Haendeshi na ndala, hajawahi. Kumbe huku nyuma Kamanda amegundua nguo nilizoanika zinadondoshea matone kigari chake. Loo, msiba! Akakitoa mbio pale kwenye kamba, akakiegesha kwa ubavu mbele ya pikapu, palipo pakavu. Mimi nilikuwa getini nahangaika na komeo lililoshika kutu, mgongo nimewapa.

Mama akatoka kwa mlango wa jikoni, ulio nyuma ya pikapu, akapandia mlango wa dereva, akaweka mto wake, akavuta kiti mbele. Nikasikia sauti yake.

"Baba, sioni."

"Utazoea!"

"Hapa chini sioni kabisa. Naona chuma tu. Mbele kuna kitu?"

Kamanda alikuwa amesimama pembeni, simu kainyanyua, jicho moja kalifumba. Macho yake yalikuwa kwenye simu, na ndani ya simu mlikuwa na Kifaru tu.

"Njia nyeupe!" akasema. "Songa, mama! Songa, songa, songa!"

Mama akasonga.

Ile sauti nitaikumbuka kwa raha mpaka naingia kaburini. Haikuwa kubwa. Ilikuwa ya kopo la maziwa likikanyagwa na mtu asiye na haraka. Nilipogeuka, mlango wa kigari cheupe ulikuwa umeingia ndani, kioo kimemwagika kwenye kiti, na Kifaru hana hata mkwaruzo.

Kamanda akashika kichwa. Alizunguka kigari chake mara mbili akisema "hapana" kila hatua, kisha akamwendea mama mbio, povu linamtoka.

"Mama! Gari zima hukuliona? Gari jeupe?"

"Sikuliona."

"Si nilisema! Si nilisema mimi!" Akanyoosha kiganja kwenye dirisha. "Basi yamekwisha. Lete ufunguo."

Niliona mambo yote yanavyokwenda kuwa: dereva wa kukodi asiyejua hata njia, wateja wanapungua mmoja mmoja, mama dukani juu ya kigoda anahesabu nzi. Nikaanza kwenda pale na matusi yangu yote, na nilikuwa nimeyaweka akiba tangu asubuhi. Lakini mama alirudisha gari nyuma kidogo, akalizima, akachomoa ufunguo, akautumbukiza kifuani, akashuka taratibu. Ndani akaacha mto wake.

"Kaa hapa," akamwambia.

"Mama, mimi sina muda wa—"

"Nimesema kaa."

Kamanda akapanda. Mkono ukaenda moja kwa moja kusukuma kiti nyuma.

"Usikiguse. Kaa kilivyo. Sasa teremka." Akaweka kiganja chake hewani pembeni ya kichwa cha mwanawe. "Macho yako yaje hapa. Bado. Teremka tena."

Ikabidi Kamanda autoe mto, kisha ajitelezeshe kitini kidogo kidogo, magoti yakajikunja kando ya usukani, kidevu kikazama kifuani. Alionekana kama panzi aliyefungiwa kwenye kiberiti. Nikacheka waziwazi, wala sikuziba mdomo.

"Unaona nini?" mama akauliza.

Kamanda akakodoa macho.

"Nimekuuliza, baba."

"Bomba."

"Na gari lako?"

"Silioni."

Mama akazunguka, akaenda kusimama mbele kabisa, kati ya Kifaru na kile kigari kilichopondeka. Aligusa bomba la juu. Lilimfika usawa wa paji la uso.

"Na mimi, unaniona?"

Nilimwona Kamanda anaugeuza uso huku na huku, anachungulia katikati ya mabomba, anamtafuta.

"Nakusikia tu," akasema. Halafu akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tukiwa wadogo, sauti isiyoamrisha mtu. "Mama, umekuwa mfupi hivi tangu lini?"

"Sijawahi kuwa mrefu, baba," mama akajibu kutoka nyuma ya vyuma. "Ni wewe uliyekuwa unanitazama kutoka chini."

Kamanda hakuinuka. Alibaki vile vile amejikunja, mikono juu ya usukani, na mimi kicheko kikanikauka. Yale matusi niliyokuwa nimemwekea nikayatafuta, nisiyaone.

Mama akagonga bomba kwa kifundo cha kidole, mara mbili, kama anayebisha hodi.

"Haya, shuka," akasema. "Sanduku la spana liko chini ya kiti. Jumatatu wafugaji wananingoja, na mimi nataka ile yenye kulabu."

Akashuka. Akavua koti, akatazama pa kuliweka, akalala chali kwenye vumbi na shati lake jeupe, akaanza kufungua nati. Mama akamshikia koti.