Mgonjwa Aje Mwenyewe

Jumatatu saa mbili na robo asubuhi, Ritha alikuwa ameshahudumia wagonjwa kumi na mmoja wa presha. Alikuwa mfamasia, mwaka wa pili wa masomo ya ubingwa, na mwezi huo alipangiwa dirisha la dawa kwenye kliniki moja ya wagonjwa wa nje jirani na Mnazi Mmoja. Kazi yake ilikuwa kumweleza kila mgonjwa namna ya kumeza dawa, kisha kujaza fomu kwamba amemweleza.

Wa kumi na mbili alikuwa Bi Badriya, na kadi ya mumewe mkononi.

"Shikamoo mama. Mgonjwa yuko wapi?"

"Marahaba mwanangu. Leo hayupo."

"Kasafiri?"

"Hayupo tu. Dawa zilimwishia Alhamisi."

Ritha akafungua faili. Bwana Hamud, miaka hamsini na nane, muuza vifungo na zipu Mtaa wa Sikukuu. Alitakiwa kumeza kidonge kimoja kila siku. Kliniki ilimpa kumi na tano kwa mwezi, kama ilivyowapa wote, ili dawa ziwatoshe watu. Basi kwa miaka minne alimeza siku moja, akaruka moja. Siku aliyomeza alikuwepo: alifungua duka, alibishana na wateja, alilalamikia chumvi kwenye mchuzi. Siku aliyoruka hakuwepo. Upande wake wa kitanda ulibaki umetandikwa, na duka alifungua mkewe. Majirani walishazoea, mwenye shida naye aliuliza kwanza kama leo ni siku yake. Mwezi huu dawa zikaisha kabla ya tarehe ya kliniki. Ndiyo imetoka hiyo.

"Mama, utaratibu ni mgonjwa aje mwenyewe."

"Atakujaje, na dawa mnazo nyie?"

Ritha akaenda kwa msimamizi wake, Dokta Elibariki, aliyekuwa anakunywa chai. Dokta alimsikiliza vizuri tu. Alisema kesi za namna hiyo ziko nyingi, hasa mwisho wa mwezi, na mwongozo haukuweka kipengele chake.

"Iandike," alisema. "Ni kesi nzuri ya kuwasilisha darasani."

Bi Badriya alikuwa bado yuko dirishani. Safari hii alisema wazi: Ijumaa baada ya sala binti yao Rania anaolewa, na baba ndiye wa kumwozesha. Rania hali wala halali, anauliza tu kama baba atakuwepo. Ritha alimwonea huruma, halafu huruma ikapita, maana nyuma walikuwepo watu arobaini. Akavuta mtoto wa meza, akatoa pakiti ya kuwaonyeshea wagonjwa. Kilikuwa kimebaki kidonge kimoja. Akampa bila kuandika popote.

"Kiweke na maji upande anaolala. Ijumaa alfajiri."

"Ahsante. Mungu akupe mume mwema."

Ijumaa saa moja asubuhi Ritha alimkuta Bwana Hamud kwenye benchi la kliniki, ndani ya kanzu mpya, harufu ya udi imejaa korido nzima. Alishika namba themanini na sita.

"Shikamoo baba. Si ndoa leo?"

"Marahaba. Ni leo."

"Sasa huku?"

"Nina siku moja tu, binti yangu. Nikienda kule, kesho sipo, kesho kutwa sipo. Nani atakuja kuchukua dawa? Si mmesema nije mwenyewe?" Alinyoosha kanzu magotini. "Mdogo wangu Abdulrazak atamwozesha, nimemfanya wakili wangu. Mama Rania hajanisemesha tangu alfajiri."

Ritha akamwombea dirisha la wazee, lenye foleni fupi. Hyasinta, karani wa pale, alieleza kwamba dirisha lile linaanzia miaka sitini, na mgonjwa huyu ukimpunguzia siku asizokuwepo anarudi hamsini na sita. Hesabu ilikuwa sahihi. Saa nne mtandao ukakatika, ukarudi saa saba.

Saa saba na dakika arobaini simu ya Bwana Hamud iliita. Abdulrazak alisema tayari. Bwana Hamud alisikiliza vigelegele mpaka vikaisha, akasema alhamdulillah, kisha akalia. Aliumia sana, na alilia bila sauti. Mama aliyekaa naye akasogea kidogo kumpa nafasi.

Saa tisa namba yake ikaitwa. Ritha alikuwa dirishani, na nyuma yake Dokta Elibariki na fomu ya kumtathmini. Ritha alihesabu vidonge kumi na tano, akavitia kwenye bahasha. Alimtazama mgonjwa usoni, kama walivyofundishwa.

"Baba, kimoja kila siku. Usiruke hata siku moja."

"Sawa."

"Hebu nirudie ulivyoelewa."

"Kimoja kila siku. Nisiruke."

Dokta akatia vema kwenye visanduku vyote, akaandika kwamba mgonjwa ameelewa vizuri sana, akasaini.

Bwana Hamud alitoa kidonge kimoja kwenye bahasha, akakifunga kwenye leso, akakitia mfuko wa ndani wa kanzu.

"Hiki cha siku Rania atakayojifungua," alisema.

Ritha alikiona. Lakini fomu ilikuwa imeshasainiwa, akaita namba themanini na saba.