Mkaa wa Magunzi

Enoka, mdogo wangu, alinipigia simu nikiwa dukani Tunduma nampimia Mzambia vitenge. Katika maongezi ikamponyoka kuwa wanataka kumwaga mkaa wa pipa la Mama. "Thubutu," nikamwambia. Nikafunga duka, mteja nikamwacha kasimama nje, nikapanda gari la kwenda kwetu Hasamba.

Anayenijua anajua hasira zangu ziko karibu. Ila hili halikuwa la hasira tu. Mama alipofariki, siku ya kuanua matanga mimi niligawiwa vitenge vyake na Biblia. Pipa lake la maji likabaki kwa Enoka, kwa kuwa yeye ndiye anayekaa nyumbani. Sikubisha. Ila kila nikienda lazima nijaziwe dumu la maji, nirudi nalo Tunduma, niyanywe kidogokidogo yasiishe. Nikiyaonja namwona Mama kabisa.

Kisima chetu kiko bondeni, chini ya mashamba ya kahawa. Mvua zikianza, maji yananuka dawa ya kupulizia. Mama alifundishwa kwenye kikundi cha akina mama namna ya kuiondoa. Anachoma magunzi ya mahindi shimoni, anafukia kwa udongo yasije yakawa majivu, anatwanga, anachekecha, anaosha mpaka maji yaache kuwa meusi, kisha anaumwaga mkaa huo kwenye pipa juu ya mchanga. Ukimwambia anachuja maji, anakusahihisha. "Kitambaa ndicho kinachochuja. Mkaa unanasa." Alilivuta hilo neno kwa lafudhi yake ya Kinyiha mpaka tukawa tunamwigiza. Yakishapita humo tunayachemsha, ndiyo tunywe. Jamani, nammisi mama yangu, mikono myeusi mpaka viwikoni, anacheka.

Nilimkuta Enoka uani ameshika koleo, pipa wameliinamisha. Mkewe Nesta alikuwa na beseni.

"Weka chini hilo koleo."

"Dada, mkaa umejaa. Maji yameanza kunuka dawa, na watoto wanayanywa."

"Uosheni basi."

"Ukishanasa umenasa. Kuuosha hakusaidii."

"Nipeni mimi niende nao. Kazi ya mikono ya Mama iliyobaki ni hii, ninyi mnaitupa kwenye migomba?" Machozi yakanitoka. Nikalikumbatia lile pipa na nguo zangu za dukani.

Enoka akamtazama mkewe. Nesta akaweka beseni chini.

"Wifi, huo siyo mkaa wa Mama."

"Ni wa nani?"

"Wangu. Wa Mama niliumwaga yeye mwenyewe akiwa hai, alipokuwa hawezi tena kutoka kitandani. Tangu hapo ukijaa nabadilisha."

Nilijiona kama nimevuliwa nguo sokoni.

"Kwa hiyo muda wote huo mimi nilikuwa nakunywa nini?"

"Maji, wifi."

Enoka akageukia migomba, mabega yanamcheza kwa kicheko. Nilitamani kumrushia koleo lake. Nikamuuliza Nesta kwa nini hakuniambia.

"Ungenisikiliza? Ukionja unafumba macho, unasema hakuna wa kumfikia Mama. Naye alikuwa hivyohivyo. Maji ya pipa langu la kwanza aliyatema. La pili akanywa, akaomba kikombe kingine. Akaniambia nisikwambie, utalia."

Nikakaa chini palepale. Ladha niliyokuwa naililia ilitoka kwenye mikono ya mwanamke huyu, niliyekuwa namtupia dumu ajaze bila hata salamu ya maana. Mama alishamkabidhi pipa lake na kuondoka na amani yake. Mimi ndiye niliyekuwa bado nabishana na msiba. Niliona aibu, na nilimwonea Nesta wivu, wala sifichi.

Nesta alianza kuchota mkaa kwa mikono. Nikavua saa, nikakunja mikono ya gauni, nikaingiza na yangu.

"Magunzi mnayo?" nikamuuliza.

"Yamejaa stoo," akasema. "Ila pipa lako la kwanza, wifi, tutayatema."