Siku Bwana Bonge Alipoacha Kuanguka

Mpaka leo ukimuuliza mchoraji studio yao ilipandaje, atakuambia hajui. Ukimuuliza ilishukaje, atakuambia anajua, kisha ataanza kujiumauma. Usimcheke. Hata wewe ungekuwa nao siku zile, kichwa kingekuzunguka vilevile.

Mambo yalianza na kaka yake. Alikuwa amefundisha hesabu shule ya msingi miaka kumi na minne, na watu wote walimwita Mwalimu, isipokuwa dada yake huyo wa tumbo moja, aliyemwita kaka. Mchana mmoja alimfuata mchoraji kwenye karakana alimokuwa akichora nembo za sabuni na mafuta ya nywele, akavuta kigoda, akatangaza kwamba ameacha kazi.

"Umeacha, au umeachishwa?"

"Nimeacha, mdogo wangu. Natengeneza mchezo wa kompyuta wa kuwafundisha watoto hesabu. Wewe utachora."

"Mimi? Mimi na hesabu tuliachana darasa la tano, tena kwa ugomvi."

"Ndiyo maana nakutaka."

Wa tatu wao alikuwa Fundi, kijana mrefu mwenye kipaji cha kuandika programu na kilema cha kutomaliza sentensi. Wakapanga vyumba viwili juu ya duka la fotokopi. Kila mashine kubwa ya chini ilipowashwa, sakafu ilitetemeka na penseli ya mchoraji ikaruka, kiasi kwamba alizoea kusubiri mtu amalize kutoa nakala za cheti chake ndipo amalizie sikio la kiboko.

Kiboko mwenyewe aliitwa Bwana Bonge. Alivaa kizibao, akabeba sinia la mayai, na mbele yake palikuwa na vikapu vitatu vyenye namba. Sauti inauliza: mayai kumi na mawili ukitoa matano, yanabaki mangapi? Mtoto anagusa kikapu kimoja. Akipatia, Bwana Bonge anainama kwa heshima na nyota ya dhahabu inawaka. Akikosa, ndipo ilipokuja amri pekee ambayo Mwalimu hakutaka ijadiliwe.

"Mtoto akikosea, asiumie," alisema. "Nimeona watoto wakificha daftari kwa mkono mzima. Nimeona mmoja akijikojolea ubaoni, mbele ya wenzake, kwa sababu ya saba mara nane. Kwenye mchezo wangu, mtoto akikosea acheke."

Basi mchoraji akachora kicheko. Lile tendo la kuinama lilimchukua alasiri moja, picha sita tu. Anguko lilimchukua wiki tatu na picha arobaini na nane. Bwana Bonge aliteleza, akapiga mwereka wa tumbo, akazunguka mara tatu sakafuni, mayai yakapaa juu, yakamshukia moja moja, la mwisho likapasukia puani. Kisha akamtazama mtoto na kusema, "Jamani, mgongo wangu!" Sauti ilikuwa ya Fundi, iliyorekodiwa chooni kwa kuwa ndiko kulikokuwa na utulivu. Ilikuwa sentensi ya kwanza aliyoimaliza tangu wamjue.

Mchoraji alilipenda anguko lile kuliko kitu chochote alichowahi kukitoa mkononi mwake. Nalisema wazi kwa sababu bila kulijua hilo hutaelewa yaliyofuata.

Mchezo ulitoka, na wiki chache hazijapita ukaenea kama upele. Mchoraji alisikia "Jamani, mgongo wangu!" kwa kinyozi, kwenye foleni ya hospitali, kwenye korido ya shule ya bintiye. Fundi alikuwa akileta ripoti kila Ijumaa: watoto wanacheza dakika arobaini kwa siku, kwa wastani, wakati michezo ya kampuni kubwa haifiki kumi. Wafadhili wakaja na suti zao. Studio ikahamia ghorofa nzima yenye viti vya magurudumu na mlango wa kioo ambao wageni watatu waliugonga kwa vipaji vya nyuso kabla haujabandikwa karatasi. Fundi akapewa vijana kumi na wawili wa kuwaongoza, na wote kumi na wawili wakajifunza kukisia mwisho wa sentensi zake.

"Lakini kwa nini wanapenda hivi?" mchoraji alimuuliza kaka yake siku moja. "Mimi hesabu nilikuwa naikimbia. Hawa wanaifuata mpaka kitandani. Hainiingii akilini."

"Watoto wanapenda hesabu," Mwalimu alijibu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyejibiwa dua. "Nilijua. Walikuwa wanaogopa tu."

Mwaka wa pili ofisi ya elimu ikataka kuuingiza mchezo katika shule zote za umma, ikamtuma mkaguzi. Alikuwa mama wa makamo, miwani ikining'inia kifuani, mpole, asiyekunywa hata chai ya watu. Fundi akamwekea mbele dakika zake arobaini. Mkaguzi akazisogeza pembeni.

"Hizi ni dakika. Nionyesheni majibu."

Wakatazamana. Majibu yalikuwepo, mashine ilikuwa ikiyahifadhi yote, ila hakuna aliyewahi kuyaangalia. Utaangalia nini, na kila kitu kinakwenda vizuri? Fundi akachapa karatasi nne. Mkaguzi akavaa miwani, akasoma yote bila haraka, akarudi ya kwanza.

"Mwezi wa kwanza, katika kila maswali mia watoto walikosa sitini," alisema. "Mwezi wa pili walikosa themanini. Sasa hivi wanakosa tisini na saba. Mwalimu, kadiri wanavyocheza ndivyo wanavyozidi kukosa. Mchezo wako haufundishi. Unafuta."

Mwalimu aliivuta karatasi ya kwanza, akaisoma mwenyewe. Alipoteza rangi pale pale kitini, na mchoraji akamwonea huruma mpaka machozi yakamlenga. Siku mbili baadaye mwalimu mmoja wa kike alipiga simu kusema kwamba darasa lake linacheza Bwana Bonge na halina shida yoyote ya hesabu. Mwalimu akamshukuru, akakata simu, akasema yule mama ana moyo mzuri, anamliwaza tu. Ikawa hakuna anayeelewa kitu. Vijana kumi na wawili wakawa wananong'ona jikoni.

Jioni hiyo mchoraji alimkuta bintiye sebuleni na tableti mapajani. Walimwita Kidonge, kwa kuwa alizaliwa mdogo na mchungu. Alikuwa na miaka minane. Swali likaulizwa, Kidonge akagusa kikapu hata sauti haijamaliza, Bwana Bonge akala mwereka. Likaja jingine, akagusa, mwereka. Jingine, mwereka. Mtoto alikuwa hoi kwa kicheko.

"Kidonge, unasoma swali kweli?"

"Nataka aanguke, mama."

Mchoraji alikaa karibu naye, akatazama maswali mengine matano yakienda vilevile. Kumbe ndiyo siri yenyewe! Watoto hawakupenda hesabu hata kidogo. Walikuwa wakibonyeza ovyo, wakikosea makusudi, dakika arobaini kila siku, ili waone kazi yake yeye. Nyota ya kaka yake hakuna aliyeitaka. Anguko lilikuwa tamu mno, na yeye ndiye aliyelitia utamu.

Asubuhi akapiga moyo konde, akamweleza Mwalimu, Fundi akiwepo.

"Ni mimi, kaka. Nimekuharibia."

"Si tuhamishe tu," Fundi alisema, "lile anguko tuliweke kwenye jibu..."

"Kwenye jibu sahihi?" Mwalimu akamkata. "Mtu apatie halafu aanguke? Hiyo tutakuwa tunafundisha nini? Hapana. Liondoeni. Akikosa, Bwana Bonge atikise kichwa, basi."

Mchoraji akachora kichwa kikitikisika. Picha nne.

Wiki ya kwanza majibu sahihi yakapanda mpaka wakapeana mikono. Wiki ya pili dakika arobaini zikawa kumi na moja. Mwezi ulipokwisha zilikuwa nne, na hizo za watoto wasio na mchezo mwingine ndani ya nyumba. Ofisi ya elimu ikachagua mchezo wa wengine. Wafadhili, waliokuwa wakipiga simu hata Jumapili, wakawa kila wakipigiwa wako mkutanoni. Vijana wa Fundi waliondoka mmoja mmoja, kila mmoja na sababu yake nzuri, na mwishowe Fundi naye akaja kuaga. "Sikutaka kuondoka," alisema, "ila..." Hakumaliza, na safari hii hakuna aliyehitaji kukisia.

Studio kufa si msiba. Maduka hufungwa kila siku na watu wanakula. Kilichomnyima mchoraji usingizi ni kaka yake. Mwalimu alipata kazi ya stoo katika ghala la vifaa vya ujenzi. Mwalimu mkuu wake wa zamani alimpigia mara mbili akimbembeleza arudi darasani, na mara zote mbili alikataa.

"Nimeharibu watoto wangapi?" alimwambia dada yake. "Nilisema naondoa woga, kumbe naondoa akili. Unataka nisimame tena mbele yao na chaki, niwaangalie na macho gani?"

Mchoraji alijaribu kumshawishi kwa upole, kwa ukali, kwa kumnunia. Hakuna lililosaidia. Angekubali kutochora tena maisha yake yote, ili mradi kaka yake arudi darasani.

Miaka miwili ilipita toka siku ya mkaguzi. Mkataba wa pango ukaisha, na Jumamosi moja asubuhi ikawa siku ya kukabidhi ghorofa kwa mwenye jengo. Mwalimu alikuwa chumba cha ndani na bisibisi, anafungua meza. Mchoraji alikuwa ukumbini anafunga makaratasi, na Kidonge, aliyekwisha kutimiza kumi, alitakiwa kumsaidia. Badala yake alifukunyua kwenye sanduku tableti moja ya zamani, yenye mchezo wa kabla anguko halijaondolewa, akaichomeka umeme. Mara ukumbi mtupu ukajaa sauti: "Jamani, mgongo wangu!"

Mchoraji akageuka kwa hasira aliyoishangaa mwenyewe. "Wewe! Mpaka leo unabonyeza ovyo?"

"Sibonyezi ovyo!" Kidonge alihamaki. "Sijawahi kubonyeza ovyo."

"Usinidanganye. Nilikuona kwa macho yangu, husomi hata swali."

"Nasoma haraka. Mama, ukibonyeza ovyo unaweza kupatia kwa bahati mbaya. Ukipatia anainama, inaboa. Lazima kwanza ujue jibu, ndiyo ulikwepe. Tulikuwa tunashindana darasani. Mimi niliwahi kumwangusha mara sitini bila kuinama hata mara moja."

Mchoraji akaiweka chini kamba aliyokuwa nayo. "Hebu niambie jibu kabla hujagusa."

"Tisa mara sita, hamsini na nne." Akagusa kikapu kingine, mwereka. "Mia toa thelathini na nane, sitini na mbili." Mwereka. "Saba mara nane, hamsini na sita." Mwereka. Kumi na tano mfululizo, na hakukosea jibu hata moja, isipokuwa pale alipotaka.

Mchoraji alisimama pale, hajui acheke au apige yowe. Akajaribu kupiga hesabu, akaogopa, kwa kuwa yeye na hesabu mnajua habari zao. Vikapu ni vitatu. Asiyejua kitu, akigusa tu, si mara moja moja atakiangukia kilicho sahihi? Akahesabu kwa vidole, akarudia. Halafu akaelewa jambo jingine, nalo likamkata maini. Kama hii ni kweli, basi mchezo ulikuwa ukifundisha kuliko walivyoota, na wao ndio waliouua, tena yeye ndiye aliyeshika penseli. Kumwambia kaka ni kumfungua na kumchoma kwa wakati mmoja. Alitazama mlango wa chumba cha ndani. Bisibisi ilikuwa ikikwaruza chuma.

Akaingia, akamwambia yote.

Mwalimu alisikiliza akiwa amepiga magoti kando ya meza isiyo na mguu. Dada yake alipomaliza, akachukua kipande cha boksi na kalamu.

"Vikapu vitatu," alisema polepole. "Asiyejua kitu atapatia theluthi. Katika mia, thelathini na tatu hivi. Atakosa sitini na saba." Akaandika. "Hawa walikosa tisini na saba. Mtu asiyejua hawezi kukosa tisini na saba, mdogo wangu. Hawezi hata akitaka." Kalamu ikasimama. "Hii ni hesabu ya darasa la sita. Nimeifundisha miaka kumi na minne."

"Kaka..."

"Kwa hiyo sikuwaharibu."

"Hukuwaharibu."

Alimtazama dada yake kwa uso ambao mchoraji hakuweza kuusoma, na mpaka leo hajausoma. Haukuwa wa furaha, wala haukuwa wa hasira. Kidonge alikuwa amesimama mlangoni na tableti kifuani, akidhani amefanya kosa.

"Njoo hapa," Mwalimu alimwita. "Wenzako darasani, nao walikuwa wanajua majibu? Au wewe peke yako?"

"Sote tulikuwa tunajua, mjomba," Kidonge alisema. Akamwangalia mama yake, akamwangalia mjomba wake, asielewe wana nini. "Tulidhani na nyinyi mnajua."