Likizo ya Dakika Kumi

Asubuhi ya Ijumaa Fundi aliweka kompyuta yake juu ya boksi la karatasi, ndani ya chumba cha seva cha idara ya maji, akaanza kuandika anwani mpya za mtandao. Karibu naye, kwenye kigoda, mke wa Karani, ambaye ofisi nzima ilimwita Mama, alikuwa akifuma sweta la kiume huku akipiga soga na mumewe.

Karani alifariki mwaka jana, kazi zikiwa zimemjaa mezani. Kompyuta yake ilipohamishiwa ndani ya seva, kompyuta kuu inayobeba kazi za nyingine zote, pamoja na za ofisi nzima, naye alihamia humo humo, akaendelea kujibu malalamiko ya wateja. Meneja alimsifu kikaoni: hachelewi, haumwi, hanywi chai. Ombi la likizo aliloliandika akiwa hai lilikuwa bado linashughulikiwa. Mama alipewa skrini kuukuu, na kati ya mteja na mteja mumewe alimwandikia maneno mawili matatu.

"Mwanangu," Mama aliuliza, "ukikosea hapo, nitampata wapi tena?"

Fundi alimweleza kwamba katika seva hii ukiandika mabadiliko yanakaa tu yakisubiri. Hakuna kinachobadilika mpaka uyatekeleze. Tena yeye ni mwoga wa kuzaliwa, kwa hiyo ameiagiza seva irudishe mipangilio ya zamani yenyewe baada ya dakika kumi, asipoithibitisha mipya. Mwenda pole hajikwai. Mama akasema sawa, lakini sindano zake zilisimama.

Fundi akabonyeza. Daraja la mtandao, lile ambalo kompyuta zote za ndani hupitia kwenda nje, alikuwa amelijenga vizuri sana, ila alisahau kuliunganisha na kadi ya mtandao. Skrini ikanyamaza katikati ya neno.

Karani akatokea nyuma ya kabati la seva, akijipangusa vumbi magotini, akauliza kama kuna chai.

Ilikuwepo, kwenye chupa. Akavua viatu, akakaa juu ya boksi. Mkewe alimpima sweta mgongoni, akamwambia amenenepa, si ajabu, kazi yenyewe ya kukaa. Karani akasema ulimi wa mkewe nao haujapoteza makali. Walicheka mpaka Fundi naye akacheka, ingawa simu za wateja zililia jengo zima. Meneja alichungulia, akamsalimia Karani, akamkumbusha malalamiko yaliyorundikana.

"Niko likizo, bosi."

"Ombi lako bado linashughulikiwa," Meneja alijibu, akaenda zake.

Dakika kumi zilipotimia, mipangilio ya zamani ikarudi. Karani alimaliza tone la mwisho, akavaa viatu, akaingia nyuma ya kabati. Skrini ikamalizia neno lililokatika.

Fundi alirekebisha kosa, akatekeleza, akathibitisha. Safari hii kila kitu kilikwenda sawa, na chumba kikapoa vibaya. Mama alikunja sweta, akauliza kwa upole kama Ijumaa ijayo kutakuwa na mabadiliko mengine.

Yalikuwepo. Meneja hadi leo haelewi fundi makini kama yule anawezaje kuisahau kadi ile ile kila Ijumaa, saa ya chai. Ombi bado linashughulikiwa. Sweta limekwisha, limemkaa Karani vizuri, ila mikono ni mirefu kidogo. Mama anasema ataipunguza Ijumaa.