Hati ya Vumilia

Jina langu Flaviana. Nalitaja mapema kwa sababu katika nyumba ile ya Bowie, karibu na Washington, miaka miwili na miezi saba, Bi Mkubwa, kikongwe niliyeajiriwa kumtunza, hakuwahi kuniita hivyo hata siku moja. Alikuwa akiniita Vumilia.

Huyo Vumilia alikuwa mtumwa wa bibi yake, zamani za masultani, kwenye jumba la baraza na milango ya nakshi kule Mji Mkongwe, Unguja. Kila asubuhi nikimwogesha, ananisimulia: hamamu ya marumaru, sinia za halua, mwanamke wa kupepea, mwanamke wa kufukiza udi, mwanamke wa kuchana nywele. "Na wewe, Vumilia, ulikuwa wa miguu." Basi mie huyo nasugua visigino. Khaa! Kwetu Bagamoyo, upande wa misheni iliyopokea watumwa waliokombolewa, babu yangu akisikia habari za utumwa alikuwa anaondoka mezani, ugali anauacha. Nami nimepanda ndege kuja kuitikia "labeka" Marekani!

Mkataba wangu ulikuwa wa mwaka mmoja. Khalfan, mwanawe, mtu wa suti na ofisi kubwa mjini Washington, alinipokea uwanja wa ndege, akanipokea na pasi yangu ya kusafiria. Mwaka ulipokwisha nikaiomba.

"Iko kwenye sanduku la Mama," akasema huku anatabasamu. "Salama kuliko benki. Kwani una haraka gani, dada?"

Haraka! Mwanangu nilimwacha hajaanza shule, na nikiwa humo humo akafika darasa la pili.

Kutoka siwezi. Kituo cha basi sijui kiko wapi, majirani wanaingia na kutoka ndani ya magari yao, na visa ilishakufa zamani. Ufunguo wa sanduku Bi Mkubwa amejifunga kiunoni. Hata bafuni hauvui, ukiugusa anapiga ukelele nyumba nzima isikie. Mtu pekee wa kuongea naye alikuwa Jelagat, Mkenya, aliyekuwa anakuja kila Jumanne kumpima presha. Yeye ndiye aliyeninong'oneza jikoni: "Wewe shika hiyo pasi tu, alafu unipigie. Nitakuja hata kama niko job."

Februari ya mwaka wa tatu Bi Mkubwa akaugua kifua, tukadhani ndiyo basi tena. Akapona. Siku moja mchana, theluji imejaa uani na Khalfan yuko kazini, akaniita. Nikamkuta amekaa chini mbele ya sanduku, na sanduku liko wazi.

"Niliweka nadhiri," akasema. "Nikipona, nakuacha huru. Bibi yangu aliwaacha wake hivi hivi: hati mkononi, na kikasha cha fedha cha kuitilia, mtu akivae shingoni asije akakamatwa njiani."

Akachakura kanga kuukuu, picha, vikuku, halafu akatoa pasi yangu. Nikanyoosha mkono. Akaibana kifuani.

"Ala! Hivyo tu? Piga magoti. Sema: mimi Vumilia, mtumwa wako, nimepokea uhuru wangu."

Nilimtazama kikongwe yule ambaye mashuka yake nayafua mimi kila siku, damu ikanichemka. Nilitaka kumwambia nina baba, nina ubatizo, nina cheti cha kidato cha nne. Nilitaka kumpokonya, nguvu ninazo, yeye ni mifupa mitupu. Lakini ameishikilia kwa mikono miwili, na pasi ikichanika nimekwisha. Nikamkumbuka babu akisukuma sahani. Nikapiga magoti juu ya zulia la Khalfan.

"Mimi Vumilia," nikasema.

"Endelea."

"Mtumwa wako. Nimepokea uhuru wangu."

Akanipa mkono niubusu, nikaubusu. Ndipo akaiachia pasi. Nililia kwa hasira, si kwa furaha, nisimdanganye mtu.

Nikampigia Jelagat. Nikazima jiko, nikamkalisha Bi Mkubwa kitini, nikamfunika blanketi na kumwekea chupa ya chai karibu. Nguo zangu nikazisokomeza kwenye mfuko wa takataka. Yeye anaangalia dirishani. Honi ikalia nje. Nikashika kitasa.

"Flaviana."

Nikageuka. Alikuwa ananitazama mimi, si mtu mwingine.

"Fanya haraka, mwanangu. Leo Khalfan anarudi saa nane."

Nikatoka mbio, theluji inaniingia viatuni. Ndani ya gari Jelagat anacheka, ananipigapiga begani, ananiambia nifunge mkanda, nimeshatoka. Mimi nimeikumbatia pasi na magoti bado yananiuma. Kumbe jina langu alikuwa analijua. Basi yale magoti yalikuwa ya nini?