Dakika Arobaini

Skripti, yale maagizo ya kompyuta ya kuunda programu, ilichukua dakika arobaini, na ndizo dakika nilizokuwa nikimpigia Mama simu. Tulitengeneza programu za mita za maji, aina tisa. Hata ukitaka kurekebisha mita moja tu, skripti ilijenga zote tisa, na mimi nikabaki nimekodoa macho. Wenzangu walishahamia ghorofa ya juu. Chini tulibaki mimi na feni. Kwa hiyo kila alasiri nilimpigia, akanisimulia habari za jirani na za goti lake, mpaka mashine imalize. Hapo nilimkatiza: haya Mama, tayari.

Bosi akachoka kusubiri. Akataka skripti iulize kwanza ni mita ipi imechaguliwa, kisha iziruke nyingine zote. Kwangu ilikuwa kazi ya siku moja. Dakika arobaini zikawa nne! Alinitumia ujumbe wa maneno mawili, nami nikavimba kichwa wiki nzima.

Ilipofika wiki ya tatu ndipo nilipogutuka kwamba sijasikia sauti ya Mama. Yeye hapigi, tangu Baba afariki anaishi peke yake, na anaogopa kunisumbua kazini. Nilichagua mita moja, nikaiacha skripti ikienda, nikapiga.

Nilimwamkia. Akaitikia, akauliza kama naumwa. Nikamweleza, kwa mbwembwe, jinsi nilivyoifundisha mashine kuruka mita zisizohitajika, na jinsi siku hizi sina muda wa kupoteza. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Kumbe ulikuwa unanipigia ukiwa huna la kufanya,” akasema.

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Ilikuwa kweli tupu. Akasema anakwenda kuzima jiko. Simu hakuikata, nilisikia ndara zake zikiburutwa sakafuni, goti likimchelewesha. Niliona aibu, nikamkumbuka mno, kana kwamba yuko nchi nyingine.

Kwenye kioo skripti ilikwisha kumaliza. Fundi wa mita alikuwa akiisubiri programu yake. Sikuituma.

“Bado upo?” Mama aliuliza aliporudi.

“Nipo.”

“Na mashine yako?”

“Imemaliza zamani, Mama.”

Nikamsikia akivuta kiti, akaketi.