Kengele ya Josia Iliyofungwa Kitambaa

Wewe kijana unayekwenda kazini mjini kwa baiskeli, sikia kwanza habari za Josia, ndipo ukanyage pedeli.

Josia alikuwa mtoto wa Kokuberwa, mjane wa Kagondo, na enzi hizo za Mwingereza alikuwa karani katika ghala moja la kahawa mjini Bukoba. Kila asubuhi alishika barabara kuu, ile itokayo Muleba. Msimu wa kahawa barabara hiyo haikuwa na nafasi hata ya kuku kugeuka: malori ya magunia, mabasi, akina mama na mikungu ya ndizi kichwani, mbuzi wa mnadani, na baiskeli za watu waliojifunza kupanda juzi. Josia hakuwa mpandaji mbaya. Alikaa kushoto, breki zake zilishika, na mlimani hakuning'inia nyuma ya malori kama wenzake. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu, nao ni adabu.

Aliamini kwamba kumpigia mzee kengele ni sawa na kumfukuza mbuzi shambani. Wala hakuamini bure. Alikuwa akimtaka Georgina, binti wa Mzee Rutashobya, na mzee huyo alikuwa amekwisha kumkataa mchumba mmoja, mwalimu mzima, kwa kosa la kumpigia kengele njiani. "Leo ananipigia kengele," alisema mzee, "kesho atanipigia mluzi." Josia aliposikia hayo alichana kipande cha kanga kuukuu ya mama yake, akaifunga kengele isije ikalia hata kwa bahati mbaya penye mashimo.

Mama yake alikiona kitambaa.

"Kengele inaumwa jino?"

"Hapana, mae."

"Mbona umeifunga kama shavu la mgonjwa?"

Josia akaeleza. Kokuberwa alimsikiliza huku akimenya ndizi, kisu hakikusimama.

"Na ukimkuta mzee katikati ya njia?"

"Napunguza mwendo, nakuja nyuma yake polepole, nikimkaribia namwamkia."

"Unamjia mtu mzima mgongoni kimya kimya kama mwizi wa kuku, halafu unamwamkia. Ndiyo adabu mliyofundishwa misheni?"

"Mae, nikimkosa Georgina utaniolea wewe?"

"Na mimi nikikukosa wewe, huyo Georgina ataolewa na nani?"

Josia akacheka, akapanda baiskeli yake. Kitambaa kikaondoka naye.

Wiki ileile, kwenye mteremko wa kuingia mjini, alimwona mbele yake Mzee Rutashobya mwenyewe, kanzu na koti jeusi, mwavuli kwapani, akitembea katikati ya barabara kama mtu anayekagua kibanja chake. Nyuma, juu kilimani, honi ililia. Lori la kahawa lilikuwa likishuka. Josia aliisikia honi. Mzee, ambaye masikio yake yalianza kumchoka, hakuisikia.

Kidole cha Josia kilikwenda chenyewe kwenye kengele. Kengele ikakohoa ndani ya kitambaa, basi. Ikabidi apaaze sauti. Na mtu mwenye adabu akipaaza sauti husema nini? Hakusema "pisha."

"Shikamoo, tata waitu!"

Hilo la kuitwa "baba yetu" mzee alilisikia. Akasimama palepale katikati, akageuka mwili mzima, akaweka koti lake sawa, macho kwa kijana tu.

"Marahaba, mwanangu. Huko Kagondo mmeamkaje? Mama yako hajambo? Na ile migomba iliyoangushwa na upepo..."

Honi ikalia tena, sasa karibu. Habari za migomba hazikupata jibu. Josia aliruka, akaitupa baiskeli, akamkumbatia mzee kiunoni kama gunia, wakaenda wote wawili mtaroni. Lori lilipita likiburuza magurudumu, likakunja gurudumu la nyuma la baiskeli, likasimama mbele kidogo. Omary, dereva wake, mtu wa Bukoba mjini, alishuka.

"Nyie mnasalimiana barabarani?" aliuliza. "Nimepiga honi tangu kule juu. Na wewe, kengele yako iko wapi?" Akaiinamia baiskeli, akakitazama kile kitambaa. "Kumbe imeshakufa. Mmeivika sanda kabisa."

Mzee Rutashobya aliinuka na tope lake, akaokota mwavuli, akarudi kwake.

Kumbeba mzee wa watu na kumtupa mtaroni, tena mzee unayetaka awe mkweo, si jambo la kusema pole ukaenda zako. Josia alikwenda kazini baiskeli begani, akijua Georgina amemponyoka.

Jumapili Kashaija, baba yake mdogo, alibeba kibuyu cha rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, wakaenda kuomba radhi. Kokuberwa naye alifuatana nao. Josia aliketi karibu na mlango, macho chini.

"Huyu ndiye aliyenibeba?" mzee aliuliza.

"Ndiye, waitu," alisema Kashaija. "Tumekuja kuomba..."

"Ngoja. Mara ya mwisho nilibebwa na mama yangu, na yeye hakuniangusha." Wanawake mkekani wakaziba vinywa. "Yule dereva amenieleza habari ya kitambaa. Kijana, uliifunga kengele kwa ajili yangu?"

"Ndiyo, tata. Kwa sababu ya yule mwalimu."

"Yule nilimkataa kwa uvivu wake. Sasa ningemtangaza mvivu mbele ya ndugu zake? Nikasema kengele." Mzee alitikisa kichwa. "Binti yangu hatakuwa mjane kwa sababu ya masikio yangu. Ukinikuta njiani piga kengele. Nisiposikia, piga kelele. Nisiposikia tena, nibebe, lakini uniweke penye nyasi."

Kashaija alikuwa ameanza kushukuru, sauti ya Kokuberwa ikatoka mkekani.

"Nami nina sharti langu, waitu."

Watu wakamgeukia. Mama wa kijana hatoi masharti nyumbani kwa msichana.

"Sema," mzee alimwambia.

"Utembee pembeni. Tena upande wa kulia, malori ya upande huo uyaone usoni. Katikati waachie wenye magurudumu."

Mzee akamgeukia Kashaija. "Huyu amekuja kuomba mke au kunitoza mahari?"

"Naona vyote viwili, waitu."

"Haya, nitatembea kulia," alisema Mzee Rutashobya. "Georgina, leta vibuyu vya kunywea haraka, kabla hajaongeza lingine."